Fedha ya Wafalme, Shaba ya Wazee

Wahunzi wa Kitui na Makueni waliijua shaba kwa vizazi vingi. Waliivuta ikawa waya mwembamba, wakaiunga ikawa mikufu, wakaipachika kwenye vigoda vya wazee na kuizungushia pembe za kutilia ugoro. Lakini ukiangalia kazi yao ya zamani, huoni uso wa mtawala. Katika Uajemi ya kale mambo yalikuwa kinyume: kwa zaidi ya miaka elfu moja, mafundi wa fedha walimchora mfalme kwenye sarafu, kisha wakamchora kwenye sahani na vikombe. Kwa nini madini yalibeba sura ya mfalme kule, na huku hayakuibeba? Swali hili linafaa kuulizwa kwa sababu mbili. Kwanza, Uajemi na bara la Afrika Mashariki ziliguswa na biashara moja ya kale, yaani biashara ya pembe za ndovu. Pili, sura ya mfalme hatimaye ilifika Ukambani, yaani nchi ya Wakamba wa Kitui na Makueni, na tarehe za kufika kwake na kuondoka kwake zinajulikana.

Tuanze na Uajemi, na tuanze na sababu. Dola ya Waajemi wa nasaba ya Akemenidi, iliyoanzishwa na Koreshi karibu mwaka 550 K.K., ilienea kutoka bonde la mto Indus hadi Misri na pwani ya bahari ya Aegean. Mfalme wa nchi kubwa kiasi hicho hakuweza kuonwa na raia wake wengi, na wengi waliishi na kufa bila kumkaribia. Wakati huohuo alihitaji kodi kutoka kwao, na kodi hiyo ilihesabiwa kwa uzito wa fedha. Dario wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 522 hadi 486 K.K., aliigawa dola katika majimbo na kuyapangia viwango vya malipo. Katika enzi yake pia ilianza kupigwa sarafu yenye sura ya mfalme aliyevaa taji na kushika upinde. Sarafu ya fedha ya aina hiyo ilikuwa na uzito wa gramu tano na nusu hivi. Askari wa kukodiwa aliyelipwa huko magharibi mwa dola hakuhitaji kwenda ikulu ili ajue anamtumikia nani.

Kutoka kwenye hazina iliyojazwa na kodi hiyo vilitoka vyombo vya anasa: bakuli za fedha zilizofuliwa kwa nyundo hadi zikawa na mistari kama petali za ua, na vikombe vya kunywea vilivyoishia na kichwa au kiwiliwili cha simba au kondoo dume. Mfalme aliwapa watumishi wake zawadi za namna hii, na aliyepewa alizionyesha kwenye karamu zake ili wageni wajue ukaribu wake na kiti cha enzi. Kwenye kuta za ngazi za jumba la Persepolis zimechongwa safu za wajumbe wa mataifa wakipeleka zawadi, na vyombo vya madini vimo mikononi mwa wengi wao. Ujumbe mmoja ni wa watu wa Kushi, nchi iliyokuwa kusini mwa Misri, na mmoja wao amebeba pembe ya ndovu begani.

Maandishi ya Dario yanaunga mkono uchongaji huo. Katika tamko la kujengwa kwa jumba lake la Susa, mfalme anasema pembe za ndovu zilizotumika zilitoka Kushi, India na Arakosia. Mwanahistoria Mgiriki Herodoto naye anaandika kwamba Wakushi waliopakana na Misri walipeleka, pamoja na dhahabu na magogo ya mpingo, pembe kubwa 20 kila baada ya miaka miwili. Msomaji asidhani kwamba pembe hizo zilitoka Ukambani, kwani Kushi ni bonde la Nile. Jambo la kushika hapa ni kwamba, tangu enzi hiyo, ikulu ya Uajemi ilihesabu meno ya ndovu wa Afrika miongoni mwa vitu vinavyomstahili mfalme. Hamu ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kuigusa pwani yetu baadaye.

Dola ya Akemenidi iliangushwa na Aleksanda wa Makedonia mwaka 330 K.K., na karne kadhaa zikapita chini ya watawala wengine. Mwaka 224 B.K. ilisimama nasaba mpya ya Kiajemi, ya Wasasani, iliyodumu hadi 651. Hapo ndipo sanaa ya fedha yenye sura ya mfalme ilipofikia kilele. Sahani mashuhuri kuliko zote zinamwonyesha mfalme akiwinda. Moja iko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Mfalme yuko juu ya farasi anayekimbia, ameuvuta upinde hadi mwisho, na mbele yake kondoo dume wawili wa porini wanatoroka. Chini ya kwato za farasi wamelala wengine wawili, wamekwisha kufa. Ni wanyama walewale katika hatua mbili za hadithi moja, na fundi ameziweka pamoja ili ujumbe usipotee: mshale wa mfalme haukosi. Uso wa mfalme ni mtulivu kabisa, na utepe wa taji lake unapepea nyuma.

Kazi ya sahani kama hiyo ilikwenda kwa hatua. Fundi alilifua bamba la fedha kwa nyundo hadi likawa sahani. Sehemu zilizotakiwa kuinuka, kama kichwa cha mfalme au mwili wa mnyama, alizitengeneza mbali na kuzipachika kwenye midomo iliyochongwa juu ya sahani. Kisha alichora nywele, mikunjo ya nguo na manyoya kwa kalamu ya chuma. Mwishoni alipaka mchanganyiko wa dhahabu na zebaki katika sehemu alizotaka zing'ae, akaipasha moto sahani, zebaki ikatoka kama mvuke na dhahabu ikabaki. Wataalamu huitambua enzi ya sahani kwa kutazama taji, kwa maana kila mfalme wa Kisasani alikuwa na taji la umbo lake, na umbo hilohilo limo kwenye sarafu zenye jina lake.

Wataalamu wametofautiana kuhusu sababu ya kutengenezwa kwa sahani hizi. Wapo wanaosema zilitoka katika karakana za mfalme mwenyewe, naye akazigawa kwa wakuu wa nchi na wafalme jirani kama alama ya fadhila na onyo. Wengine wanasema wakuu wa mikoa nao waliagiza vyombo vyao ili wafanane na mfalme. Vipimo vya madini vimesaidia kidogo: kundi la sahani za kuwinda zenye sura ya mfalme linakaribiana sana katika muundo wa fedha yake, jambo linaloelekeza kwenye chanzo kimoja kilichodhibitiwa. Kwa sahani za mfalme, basi, maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi, ingawa vyombo vingine vya fedha vya zama hizo huenda vilitoka kwa watu binafsi. Kwa vyovyote, fedha hiyo ilitegemea mambo matatu yaliyokwenda pamoja: hazina, karakana na mtawala mmoja.

Wasasani waliposhindwa na majeshi ya Kiislamu, sura ya mfalme haikutoweka mara moja. Magavana Waarabu waliendelea kupiga sarafu za fedha zenye kichwa cha mfalme Khusrau, wakiongeza pembeni maneno ya Kiarabu yenye jina la Mungu. Watu walizoea sarafu hiyo na waliiamini, na biashara haipendi sarafu ngeni. Lakini katika miaka ya 690 Khalifa Abd al-Malik aliamuru sarafu mpya zisizo na picha yoyote, zenye maandishi matupu. Kuanzia hapo, fedha iliyozunguka katika bahari ya Hindi ilibeba maneno mahali pa uso, na uamuzi huo ndio uliofika pwani ya Afrika Mashariki.

Ushahidi wa pwani uko wazi. Katika karne ya 8 na ya 9, vyungu vyenye rangi ya samawati vilivyotengenezwa nchi za Iraki na Uajemi vilifika Unguja Ukuu, Manda na Shanga. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wamepata sarafu ndogo sana za fedha zilizopigwa papo hapo na zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa mahali hapo. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya zaidi ya sarafu 2,000, nyingi zikiwa za fedha, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Kilwa nayo ilipiga sarafu za shaba kwa majina ya masultani wake, na Ali bin al-Hasan ndiye anayejulikana zaidi. Kote huko hakuna uso wa mtu. Mtawala alitambulika kwa jina lake na kwa sifa zake kwa Mungu.

Ni hapa ambapo suala la Washirazi huingia. Mapokeo ya Kilwa na miji mingine yanasema waanzilishi wao walikuwa wana wa mtawala kutoka Shiraz, Uajemi. Kwa muda mrefu wanahistoria waligawanyika. Wengine waliyachukua mapokeo hayo kama kumbukumbu ya wahamiaji halisi. Wengine, hasa kuanzia miaka ya 1980, walionyesha kwamba lugha ya Kiswahili ni ya Kibantu na kwamba miji ilikua kutokana na vijiji vya Waafrika, wakasema Ushirazi ulikuwa dai la heshima zaidi kuliko nasaba. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani. Ulionyesha kwamba Waafrika na Waasia walianza kuchanganya damu karibu mwaka 1000. Wengi wa waliozikwa pwani walikuwa na asili kubwa ya Kiafrika, iliyopitia hasa kwa akina mama, na sehemu kubwa ya asili yao ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kila upande, basi, ulikuwa na sehemu ya kweli. Waajemi walifika, wakaoa, wakaingizwa katika jamii ambayo lugha yake na msingi wake vilikuwa vya hapa.

Hao waliovuka bahari walifuata nini? Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri katika bahari hii mapema katika karne ya 10, anajibu: pembe za ndovu kutoka nchi ya Wazanji, yaani watu wa pwani ya Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Al-Masudi anatuachia mambo mengine mawili yanayogusa mada yetu. Anasema Wazanji walijipamba kwa chuma mahali ambapo wengine wangetumia dhahabu na fedha. Anasema pia kwamba mfalme wao akiwadhulumu walimuua na kuwanyima watoto wake urithi wa kiti. Mfalme wa namna hiyo ana sababu ndogo ya kuagiza sahani za kujisifu, kwa kuwa enzi yake inategemea ridhaa ya watu walio karibu naye.

Sasa tuingie bara. Kulingana na mapokeo ya Wakamba, mababu zao walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapitia vilima vya Chyulu na mlima wa Nzaui, kisha wakakaa katika milima ya Mbooni. Nzaui na Mbooni zote ziko katika kaunti ya Makueni ya leo. Wanahistoria wengi wanakisia kwamba makazi ya Mbooni yalishika mizizi katika karne ya 17, na kwamba katika karne iliyofuata watu walivuka mto Athi kwenda Kitui. Sababu ya kuhama ni rahisi kueleza. Mbooni ina mvua na ardhi nzuri lakini ni finyu, na Kitui ina nafasi kubwa lakini mvua yake haiaminiki. Aliyehamia Kitui hakuweza kutegemea shamba peke yake. Alifuga, aliwinda, na mavuno yalipokataa alisafiri kutafuta chakula kwa majirani na kubadilishana nao vitu. Ukame uliwafanya Wakamba kuwa wafanyabiashara kabla ya pembe za ndovu kuwa na bei kubwa.

Utawala nao ulifuata hali hiyo. Boma moja lilitengana na jingine kwa mwendo mrefu, na watu walihama mara kwa mara. Jamii kadhaa zilizoishi jirani ziliunda utui, na mambo ya utui yaliamuliwa na atumia, yaani wazee, katika baraza lao la nzama. Mtu alipanda daraja za uzee kwa umri na kwa malipo ya mbuzi na ng'ombe waliochinjwa na kuliwa na wenzake. Baraza hilo halikuwa na hazina wala jengo, na hapakuwa na mtu mmoja wa kupelekewa ushuru.

Basi madini yalikwenda wapi? Yalikwenda mwilini na kwenye vitu vya mkononi. Chuma kilipatikana kwa kukusanya mchanga mweusi ulioachwa na vijito baada ya mvua. Mhunzi aliuyeyusha kwa makaa, akichochea moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi iliyopuliza hewa kupitia bomba la udongo. Kwa chuma hicho alifua majembe, mishale, mapanga na vyombo vya kazi yake mwenyewe, pamoja na chamburo, lile bamba lenye matundu ya kuvutia waya. Ncha ya kipande cha chuma au shaba ilichongwa ikaingizwa katika tundu kubwa, ikashikwa kwa koleo na kuvutwa. Kipande kilipashwa moto tena, kikapitishwa katika tundu dogo zaidi, na kazi ikarudiwa hadi waya ukawa mwembamba uliotakiwa. Ili kutengeneza mkufu, waya ulizungushwa kwenye kijiti cha chuma, ukakatwa vipete vidogo, kisha vipete vikaunganishwa kimoja kimoja. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Sweden aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliusifu sana ustadi huo, na mikufu ya Wakamba ilinunuliwa na majirani zao pia.

Kigoda cha mzee ndicho kinachokaribia zaidi kiti cha enzi katika sanaa hii. Kilichongwa kutoka gogo moja, miguu mitatu na kikalio cha duara chenye mbonyeo. Juu ya kikalio fundi alichimba vijistari, akalaza waya wa shaba ndani yake na kuugonga hadi ukawa sawa na mti. Nakshi yake ni miduara, nusu miduara na mistari, na hakuna mtu wala mnyama anayewindwa. Mzee alipokwenda barazani alikwenda na kigoda chake, na aliyekiona alijua daraja la mwenyewe. Madini hapa yalisema kwamba mtu huyu amefika uzeeni kwa utaratibu, na wenzake wengi walikuwa na vigoda vyao vilevile.

Karne ya 19 iliongeza mali bila kubadilisha utaratibu huo kwa haraka. Mahitaji ya pembe za ndovu huko India, Ulaya na Marekani yalipanda, na Zanzibar chini ya Seyyid Said ikawa soko kuu. Misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na Rabai na pembe, ikarudi na nguo, shanga, chumvi na masango, yaani mafungu ya waya mnene wa shaba. Mhunzi wa Kitui alipata malighafi kwa wingi kuliko baba yake, akaivuta kwa chamburo lilelile. Ndipo walipojitokeza watu wakubwa wa biashara, na mashuhuri kati yao ni Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya.

Krapf alitazama kwa makini jinsi ukubwa wa watu kama Kivoi ulivyopatikana. Aliandika kwamba Wakamba hawana mfalme, na kwamba mtu hupata nguvu kwao kwa mali, ufasaha, umbo la kuvutia na zaidi ya yote kwa sifa ya kuita mvua. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alinusurika kwa shida, akalaumiwa na jamaa za marehemu na kutoroka usiku. Misafara ya Kitui iliendelea chini ya wengine, lakini hakuna kiti cha Kivoi kilichorithiwa, kwa kuwa ukubwa ule ulikuwa wake mwenyewe.

Sasa tunaweza kupima majibu ya swali letu. Jibu la kwanza linasema Wakamba hawakuwa na fedha. Ni kweli kwamba haikuchimbwa kwao, lakini shaba nayo hubeba picha, na shaba walikuwa nayo. Jibu la pili linasema hawakuwa na ufundi. Mkufu wa vipete vidogo unalikanusha, maana mkono unaoweza kazi hiyo unaweza pia kuchora uso. Jibu la tatu linataja dini, na kwa pwani lina uzito mkubwa, lakini Ukambani wa wakati huo haukuwa wa Kiislamu. La nne linasema maisha ya kuhamahama na njaa za mara kwa mara yalitaka mali inayobebeka, ndiyo maana madini yakawa bangili, vikuku na mikufu. Hilo linaeleza umbo la vitu, ila halielezi nakshi, kwa kuwa hata bangili ingeweza kuchorwa sura. Linalobaki ni la tano: hapakuwa na mtu mmoja ambaye sura yake ingekuwa na maana kwa wote. Kwa maoni yangu jibu la nne na la tano yakiunganishwa yanatosha, na la tano ndilo kuu.

Mtihani wa jibu hilo ni mambo yaliyofuata. Pwani, sarafu ya fedha yenye uso wa mtawala ilikwisha rudi kwa mlango wa biashara. Ilikuwa reale ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa, iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 muda mrefu baada ya kifo chake. Sura yake haikuwatawala watu wa pwani, na masonara waliiyeyusha bila wasiwasi ili wapate fedha ya vipuli na vikuku. Ukambani mambo yalikuja kwa nguvu zaidi. Reli kutoka Mombasa ilipita Kibwezi na Makindu ikafika Nairobi mwaka 1899, katika kipindi cha njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilitunga kanuni za kodi ya nyumba, iliyolipwa kwa rupia. Kwa mara ya kwanza, kila mwenye boma alidaiwa na mtawala mmoja wa mbali, kama raia wa Dario.

Na mara sura ikafuata. Sarafu za fedha za senti 25 na 50 zilizotolewa kuanzia 1906 zilikuwa na kichwa cha Mfalme Edward wa Saba upande mmoja, akiwa na taji, na simba mbele ya milima upande wa pili. Senti ndogo zilizoanza kutolewa miaka hiyo zilikuwa na tundu katikati, na zinastahili kutazamwa kwa karibu. Upande mmoja una taji juu ya tundu, na jina la mfalme limeandikwa ukingoni. Upande wa pili una pembe mbili za ndovu zilizopinda, moja kila upande wa tundu. Bidhaa iliyowatajirisha wakubwa wa Kitui iligeuzwa pambo la sarafu ya kodi. Mwaka 1921 ilikuja shilingi yenye kichwa cha George wa Tano, ambayo robo tu ya madini yake ilikuwa fedha halisi. Thamani yake ilitegemea amri ya serikali kuliko uzito, kwa hiyo kichwa kile kilikuwa na kazi kubwa zaidi ya kufanya.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 sura ilibadilika, desturi ikabaki. Sarafu za Kenya za mwaka 1966 zilibeba kichwa cha Jomo Kenyatta, na kuanzia 1980 kikawekwa cha Daniel arap Moi. Wananchi wengi waliichoka desturi hiyo, na walipoandika Katiba mpya walilitolea suala hili kifungu chake. Ibara ya 231(4) ya Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu noti na sarafu kuwa na picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini inakataza picha ya mtu yeyote. Sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za mwaka 2019 zilizua ubishi kwa kuwa jumba la mikutano la KICC limechorwa pamoja na sanamu ya Kenyatta iliyo mbele yake, na suala hilo likafikishwa mahakamani.

Historia hii inatoa hukumu moja. Sura ya mtawala huingia kwenye madini pale panapokuwa na hazina na mtu mmoja wa kuijaza, na hutoka pale watu wanapoamua kwamba hazina ni yao. Ukambani ulitangulia kuishi bila sura hiyo, na sheria ya Kenya imerudi karibu na mahali hapo kwa njia yake yenyewe.

Limebaki neno kwa wasomaji wa Kitui na Makueni. Sahani nyingi za Wasasani zilipita mikononi mwa wachuuzi wa vitu vya kale, na kwa kuwa hakuna aliyeandika zilikotoka, wataalamu hadi leo wanabishana zipi ni za kweli na zipi ni za kughushi. Vigoda na mikufu ya Wakamba katika majumba ya makumbusho ya Ulaya vina upungufu kama huo, kwani vingi havina jina la fundi wala la mwenyewe. Kama nyumbani kwenu kuna kigoda chenye waya wa shaba au mkufu wa babu, mwulizeni mzee aliyepo nani alikitengeneza, wapi, na kwa malipo gani, mkaandike majibu kabla ya kufikiria kukiuza.